Lango la Tiketi na Njia ya Miguu: Mashamba ya Uingereza Yalivyofunguliwa kwa Umma



Mtu akipewa uprofesa wa utalii katika ukanda wetu, hutarajiwa azungumzie Serengeti, Mji Mkongwe au Mlima Kenya. Jioni hii nitawapeleka kwingine: kwenye vijiji, mashamba na vilima vya Uingereza, na kwa Uingereza nina maana ya England peke yake, bila Scotland wala Wales. Tumezoea kujitazama kama watu wa kutembelewa. Ni mara chache tunauliza hao wanaotutembelea hutembea wapi wakiwa kwao, kwa ruhusa ya nani, na kwa gharama ya nani.

Tuanze na Jumapili ya kawaida. Familia inapakia garini chupa ya chai, mikate iliyotiwa jibini, mabuti ya mpira na makoti ya mvua, hata kama jua linawaka, maana hali ya hewa ya kule haiaminiki. Hapo pana safari za aina mbili. Ya kwanza inaishia kwenye lango la jumba kubwa la kale: unakata tiketi, unapita vyumba vyenye picha za mababu wa watu wengine, unazunguka bustani, kisha unakaa kunywa chai na skoni, zile keki ndogo za ngano. Ukiwa Devon utapaka krimu kwanza na jamu juu yake. Ukiwa Cornwall utaanza na jamu, na ole wako ukikosea. Safari ya pili haina lango. Unaegesha gari karibu na kanisa la kijiji, unakunjua ramani, unafuata njia nyembamba inayokata katikati ya ngano ya mtu usiyemjua, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi.

Hoja yangu ni hii. Milango hiyo miwili haikufunguliwa na uzuri wa mandhari, wala na ukarimu wa wenye mali. Wa kwanza ulifunguliwa na kodi, wa pili na ugomvi. Na ule usioingiza senti ndio wenye thamani kubwa zaidi kwa taifa.

Lango la tiketi

Kwa karne nyingi makabaila wa Kiingereza waliishi kwa kodi za wakulima waliopanga ardhi yao. Tangu miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilianza kumiminika, na mapato ya mashamba yakaporomoka. Mwaka 1894 serikali ikaanzisha kodi mpya ya mirathi, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa asilimia 8. Mwaka 1919 kilifika asilimia 40, na baada ya Vita Kuu ya Pili kikafika asilimia 80. Mamia ya majumba yalibomolewa katika karne ya 20, mbao na mawe yake yakapigwa mnada.

Mfano ulio wazi ni wa Duke wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth katika jimbo la Derbyshire. Duke wa kumi alikwisha kuihamishia familia mali yake angali hai, ili asiiachie kodi. Sheria ilitaka aishi miaka mitano baada ya kuihamisha. Alifariki Novemba 1950, wiki chache tu kabla ya muda kutimia, na serikali ikadai asilimia 80. Familia iliuza ardhi na kazi za sanaa, na mwaka 1959 jumba lao jingine, Hardwick Hall, lililojengwa miaka ya 1590, likaenda kwa shirika la National Trust. Chatsworth lenyewe liliokolewa na wageni. Mwaka 1973 ukafunguliwa humo uwanja wa mifugo ambapo watoto wa mjini hutazama ng'ombe akikamuliwa. Kwetu mtoto hulipwa, au huchapwa, ili akamue. Pale mzazi hulipa ili mtoto atazame.

Marquess wa Bath alikwenda mbali zaidi. Jumba lake la Longleat, katika jimbo la Wiltshire, lilikuwa limefunguliwa kwa watu wenye tiketi tangu 1949. Mwaka 1966 alileta simba. Hiyo ikawa bustani ya kwanza nje ya Afrika ambapo mtu humtazama simba akiwa ndani ya gari lake mwenyewe. Nyani nao wakaja, na mpaka leo hung'oa vifutio vya vioo vya magari huku watoto wakishangilia kwenye viti vya nyuma. Matokeo yake, mtoto wa Wiltshire anaweza kumwona simba akipiga miayo kabla ya mtoto wa Kariakoo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mahali ambapo methali hiyo imetimia kwa kiasi hiki: bila mgeni mwenye shilingi zake, mwenyeji angelala nje.

Wako waliotangulia kuona kwamba mali za namna hii zingeweza kutunzwa kwa ajili ya umma. Mwaka 1895 Octavia Hill, mtetezi wa makazi bora ya maskini wa London, pamoja na mwanasheria Robert Hunter na kasisi Hardwicke Rawnsley, walianzisha National Trust. Jengo lao la kwanza, nyumba ya kasisi ya karne ya 14 kijijini Alfriston, walilinunua mwaka 1896 kwa pauni 10. Sheria ya mwaka 1907 iliwapa nguvu ya ajabu: mali wakishaitangaza kuwa ya kudumu, hawawezi kuiuza, na hainyang'anywi bila kibali cha Bunge. Leo wanachama wao wanazidi milioni 5. Hulipa ada ya mwaka, kisha huingia bure, na kwa hiyo mtu mmoja huweza kulirudia jumba moja kila mwezi bila kuumia mfuko.

Njia ya miguu

Sasa tuache lango, tufuate njia. Hasa katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanakijiji kwa pamoja kulisha mifugo na kuokota kuni. Ardhi ilikwenda, lakini baadhi ya njia zilibaki: ya kwenda kanisani, kinuni, sokoni. Sheria ya Kiingereza inashikilia kwamba njia ikishakuwa ya umma haifi kwa kutopitwa. Leo England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia hizo.

Tuitazame moja kwa karibu. Mwanzoni pana nguzo yenye mshale wa manjano: wapita kwa miguu tu. Ungekuwa wa buluu, farasi na baiskeli wangeruhusiwa pia. Kwenye ua pana ngazi fupi ya mbao, ili mtu avuke na kondoo wasivuke. Ndani ya shamba, mkulima anaruhusiwa kuilima njia inayokatiza pale ambapo hawezi kuikwepa, lakini baada ya kuivuruga kwa mara ya kwanza ana siku 14 kuirudisha, isipungue upana wa mita moja, hata kama ngano imesimama pande zote. Kama ni malisho, haruhusiwi kufungulia humo fahali wa jamii ya maziwa aliyezidi umri wa miezi 10, kwa kuwa fahali hao wana sifa ya ukali. Haya yote yamo kwenye sheria. Anayepunga upepo kule amezungukwa na vifungu vya sheria asivyoviona.

Njia, hata hivyo, ni mstari tu. Vilima vya wazi vilibaki vimefungwa, kwa sababu matajiri walifuga huko ndege wa kuwinda, wa jamii ya kwale. Chini ya vilima hivyo palikuwa na Manchester na Sheffield, miji ya viwanda na moshi, ambayo wafanyakazi wake walikuwa na siku moja tu ya kuvuta hewa. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, mamia kati yao walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa, wakiongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Walipambana na walinzi wa mawindo. Vijana watano, Rothman akiwamo, walifungwa jela, na hukumu hiyo ikawakera hata watu ambao hawakuwaunga mkono mwanzoni.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuwafikisha watu mashambani. Sheria hiyo iliamuru pia mabaraza ya majimbo yachore kila njia ya umma kwenye ramani rasmi. Mwaka 2000 sheria nyingine ikatoa haki ya kutembea huru katika milima, nyika na ardhi za pamoja. Na mwaka 2002, ilipoadhimishwa miaka 70 ya Kinder, Duke wa kumi na moja wa Devonshire alisimama hadharani akaomba radhi kwa kosa la babu yake, maana sehemu ya mlima ule ilikuwa ya familia hiyo hiyo ya Chatsworth. Milango yote miwili ilikuwa ya nyumba moja.

Mwaka 1951

Aprili 1951 hifadhi ya kwanza ya taifa ya Uingereza, Peak District, ilitangazwa, na Kinder Scout ikiwa ndani yake. Mwaka huo huo, chini ya serikali hiyo hiyo ya London, Serengeti ikawa hifadhi ya taifa Tanganyika. Peak District haina lango wala kiingilio. Ina vijiji, machimbo ya mawe, shule na baa. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mali ya watu binafsi, na makumi ya maelfu wanaishi humo. Serengeti ilikuwa na Wamaasai na mifugo yao, na mwaka 1959 walihamishiwa Ngorongoro.

Mtaniambia kondoo si simba, na ni kweli. Wanyama wakali wana masharti yao. Lakini wanyama peke yao hawatoshi kueleza tofauti hii. Mfanyakazi wa Manchester alikuwa na kura. Mmaasai wa mwaka 1951 hakuwa nayo. Ndiyo maana kule hifadhi ilibuniwa ili watu waingie, na huku ikabuniwa ili watoke.

Waliobaki nje

Nisiwapambie hadithi. Haki ya kutembea huru inahusu takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya England, wakati Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, iliifungua karibu yote. Reli nyingi za vijijini zilifungwa baada ya ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, na asiye na gari hubaki mjini. Majumba nayo yana siri zake: Harewood House, huko Yorkshire, lilijengwa kwa utajiri wa sukari na watumwa wa visiwa vya Karibea. Mwaka 2020 National Trust ilipotoa ripoti iliyotaja mali zake 93 zenye uhusiano na ukoloni na utumwa, ilishambuliwa vikali na waliotaka chai yao bila historia.

Hitimisho

Tunalojifunza si kuiga majumba wala skoni. Kila tunapofungua kivutio, tuulize mambo matatu: asiye na fedha anaingia kwa haki gani, haki hiyo itasalimika mmiliki akibadilika, na je, mgeni ataambiwa nani aliyelipia uzuri anaouona?

Swali la kwanza linatugusa hapa pwani. Zipo njia za kushukia ufukweni, walizopita wavuvi na wachuma mwani tangu enzi za babu zao, ambazo leo zinakomea kwenye ukuta wa hoteli. England, kwa sheria ya mwaka 2009, inakamilisha njia ya umma ya kuizunguka pwani yake yote. Sisi hatujaorodhesha hata zile tulizo nazo, na njia isiyo kwenye ramani ni rahisi kuzibwa. Kwa hiyo, kuanzia muhula ujao, wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu watakwenda vijijini na, wakiwa pamoja na wazee na wavuvi, watazipima na kuzichora njia hizo, moja baada ya nyingine, na ramani hizo tutazikabidhi kwa halmashauri zikiwa na majina ya vijiji na ushahidi wa waliozitumia. Mkurugenzi wa halmashauri yuko nasi ukumbini. Namwomba asituandalie kabati, atuandalie kikao.