Kuingia Ukumbini si Kushiriki Mkutano

Katiba ambayo wananchi wa Kenya waliipitisha mwaka 2010 ina ibara moja ambayo wengi huisoma upesi upesi. Ibara ya 120 inasema kwamba lugha rasmi za Bunge la nchi hiyo ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Jambo hili si dogo. Kiziwi anayeingia Bungeni humo haombi hisani. Anatumia lugha ya Bunge, kama mwenzake anavyotumia Kiswahili.

Uganda ilikuwa imekwisha kutangulia kwa vitendo. Mwaka 1996 Bw. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia katika Bunge la nchi hiyo, akawa anafuata mijadala na kutoa hoja zake kwa msaada wa mkalimani wa lugha ya alama.

Lakini Bunge ni ukumbi mmoja tu. Katika kumbi nyingine za Nairobi na Kampala, ambako mikutano ya kila aina hufanyika, mambo huweza kuwa mengine kabisa. Mtaalamu hupanda jukwaani, taa zikazimwa ili picha zionekane vizuri ukutani. Papo hapo kiziwi humpoteza mkalimani wake gizani. Mtaalamu huelekeza kidole kwenye mchoro na kusema "kama mnavyoona hapa", na asiyeona haambiwi kilichochorwa ni nini. Swali huulizwa kutoka nyuma bila kipaza sauti, na mwenye usikivu hafifu husikia jibu la swali asilolijua. Jukwaa nalo lina ngazi. Kwa hiyo msemaji anayetumia kiti cha magurudumu huzungumzia chini, kana kwamba amekuja kusikiliza tu.

Waandaaji hujitetea kwa gharama. Kwa upande wa wakalimani hoja hiyo ina ukweli, kwani kazi yao huchosha, na mkutano mrefu huhitaji wawili wa kupokezana. Lakini kusoma kwa sauti yaliyoandikwa ukutani hakugharimu hata senti moja, wala kuacha taa moja ikimmulika mkalimani. Kuipeleka hotuba siku kadhaa kabla, ili ichapwe kwa nukta nundu na mkalimani ayajue mapema maneno ya kitaalamu, kunahitaji msemaji aliyekwisha kuiandika. Na pengine hapo ndipo penye ugumu wenyewe.

Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania ikafuata mwaka 2009. Mkataba huo unazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu hao katika mambo yanayowahusu. Mashauriano ya namna hiyo hufanyika mikutanoni. Huko ndiko husemwa shule zipi zijengwe na fedha zigawanywe vipi, na mwishoni huulizwa kama wote wameafiki. Mjumbe ambaye hakupata yaliyosemwa huhesabiwa miongoni mwa walioafiki, na jina lake huandikwa katika orodha ya waliohudhuria.