Kabla ya Kuifuta Simu, Toa Kwanza Kilicho Chako

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)

Leo tunazungumza juu ya simu. Ile ya vitufe tuiache, mambo yake ni machache. Tunasema ile simu janja, ya kupangusa kioo kwa kidole, ambayo siku hizi tunayo hata sisi wa vijijini.

Simu hii ikikaa miaka miwili mitatu huwa nzito. Unaigusa, inakaa kwanza. Unataka kupiga picha, inakuambia imejaa. Unakwenda kwa fundi, naye anasema: "Hii tuiriseti tu." Haya. Lakini je, tunajua kuriseti ni kufanya nini? Ni kuirudisha simu kama ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Kila ulichokiweka wewe kinafutika: majina, picha, ujumbe, sauti, programu ulizoingiza, hata mlio uliouchagua. Fundi akishabonyeza, basi. Hata yeye mwenyewe hawezi kukurudishia.

Sasa tujiulize, ndani ya simu ya mkulima wa Mtwara mna nini? Msimu wa korosho tunapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, tunapewa stakabadhi. Tangu mwaka 2007 ndio utaratibu wetu wa stakabadhi ghalani: korosho hukaa ghalani, huuzwa mnadani, na fedha huja baadaye. Kati ya siku ya mizani na siku ya fedha, karatasi ile ndiyo shahidi wako. Wengi wetu tunaipiga picha, maana karatasi huliwa na mchwa na hulowa mvua. Ni vizuri sana. Lakini picha nayo ikifutwa, na karatasi imeliwa, utasimama mbele ya katibu na maneno matupu. Wewe unasema kilo 420, daftari linasema 240. Utaonyesha nini?

Hayo ni ya mali. Yako mengine hayana bei. Pengine mna sauti ya mama aliyekwisha kufariki, ile aliyokutumia kwa WhatsApp akiuliza watoto wanaendeleaje. Pengine mna picha ya baba, na hakuna nyingine popote. Vitu hivyo haviwezi kununuliwa Mtwara mjini wala Dar es Salaam.

Sisi wakulima jambo hili si geni kwetu. Mahindi ya mbegu hatuyachanganyi na ya kula. Tunayaning'iniza juu ya jiko, moshi uyalinde. Yale ya ghalani yakiisha au yakibunguliwa, mbegu ipo. Na simu ni hivyo hivyo: kilicho muhimu kikae mahali pawili. Kazi hiyo ndiyo inaitwa kuhifadhi nakala.

Lakini kabla ya yote, kweli lazima uifute? Mara nyingi simu imejazwa na video za vichekesho tulizotumiwa na jamaa. Zifute hizo kwanza, uone. Simu nyingine hupona hapo hapo, na fundi hukumpa hata shilingi.

Kama haikupona, anza na akaunti. Simu nyingi tunazotumia ni za Android, nazo hutumia akaunti ya Google, ile anwani yenye mwisho wa gmail. Wengi wetu hatuijui. Tulifunguliwa na muuzaji wa simu au na kijana wa jirani, akaandika jina analolijua yeye na neno la siri analolijua yeye, tukaondoka tunafurahi. Hapa ndipo penye hatari kubwa, ndugu zangu. Tangu mwaka 2015 simu hizi zilianza kuwekewa kufuli la kuzuia wezi. Ukiifuta kwa kubonyeza vile vitufe vya pembeni, ikiwaka inauliza: akaunti iliyokuwamo ni ipi, na neno lake la siri ni lipi? Usipojibu, haifunguki. Simu ni yako, umeinunua kwa jasho lako, nayo inakuona wewe ndiye mwizi.

Kwa hiyo ingia kwenye Mipangilio, tafuta palipoandikwa Google, usome jina la akaunti. Liandike kwenye daftari, herufi kwa herufi, pamoja na neno la siri. Kusoma na kuandika tulikojifunza kuna kazi hapa. Daftari likae sandukuni nyumbani, lisitembee mfukoni pamoja na simu. Kama neno la siri umelisahau, badilisha kwanza, halafu ngoja siku nzima ipite ndipo uifute simu. Na kwa fundi, neno hilo uliandike wewe kwa kidole chako. Usimtajie.

Tukishaijua akaunti, turudi palepale kwenye Google, patakuwa na maneno ya kuhifadhi nakala. Bonyeza. Simu itapeleka majina, ujumbe mfupi, orodha ya programu na mipangilio yako kwenye mashine za Google zilizo mbali. Kama maandishi ya simu ni ya Kiingereza, ibadilishe lugha. Simu yenyewe inajua Kiswahili, ni sisi tu hatujaiambia.

Majina yana ujanja wake. Mengine yamekaa kwenye laini, mengine kwenye simu, mengine kwenye akaunti. Ya kwenye laini hayafutiki, lakini laini nyingi hubeba majina kama 250 tu. Yale yaliyokaa kwenye simu ndiyo yanayopotea. Namba kumi unazozihitaji kabisa, ya katibu wa chama, ya mtoto aliyeko mbali, ya mwenye gari la wagonjwa, ziandike daftarini. Kalamu haina haja ya chaji.

Picha zinakwenda kwa njia yake. Google hukupa nafasi ya bure, gigabaiti 15, lakini kupeleka picha nyingi hula bando. Njia nyepesi kwetu ni memori kadi. Nakili picha kwenye kadi, kisha toa kadi na laini kabla simu haijafutwa. Lakini usiamini hivi hivi. Ichomeke kadi kwenye simu ya jirani. Picha ya stakabadhi ikifunguka na namba zinasomeka, umepona.

WhatsApp nayo ina mahali pake pa kuhifadhi, ndani ya mipangilio yake, sehemu ya gumzo. Baadaye itakutumia namba sita kwa ujumbe kwenye laini yako. Namba hizo usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Na laini iwe imesajiliwa kwa kidole chako mwenyewe. Piga *106# uhakikishe.

Wengine wanaogopa: fedha zangu za M-Pesa nazo zitafutika? Hapana. Fedha hazikai ndani ya simu. Ziko kwa kampuni, kwa namba yako. Laini ikiwa salama na namba ya siri unaikumbuka, utapiga *150*00# na kuziona kama zilivyokuwa.

Kazi hii ya nakala inataka mtandao, basi usiiache mpaka asubuhi ya kwenda kwa fundi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya zilizopita chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima intaneti ikasumbua. Siku kama hiyo nakala haiendi. Nanyi mnaokaa karibu na Ruvuma, tazameni jina la mtandao juu ya kioo. Likiwa la ng'ambo, Msumbiji, ngojeni kwanza, salio lisije likaliwa.

Siku ya kufuta, simu iwe na chaji ya kutosha. Ikiwaka tena, chagua Kiswahili, iunganishe na intaneti, andika akaunti ile ile. Itauliza kama unataka kurudisha nakala. Kubali. Programu zitarudi pole pole, pengine mpaka usiku, usihangaike. Majina yatatangulia. Tafuta jina la katibu, umpigie, umsikie sauti. Halafu rudisha kadi mahali pake, fungua ile picha ya stakabadhi, uzisome kilo zako ukiwa bado umesimama pale kwa fundi.