Oda ya Korti Bado Sio Ushindi

Tumeombwa tuzungumze juu ya kesi za madai, kwa sababu wengi wetu tukisikia neno "korti" tunafikiria pingu na seli. Kesi ya madai haianzi na pingu. Ni mtu na mwenzake wanaovutana juu ya shamba, deni, mpaka au fidia. Ndiyo maana ukipeleka mambo ya mpaka polisi unaambiwa, "Hiyo si yetu, nenda kortini." Mara nyingine wanasema hivyo kukuondoa tu, lakini mara nyingi ni kweli.

Haya, tuchukue mama mjane. Anaamka asubuhi anakuta shemeji yake ameleta mnunuzi na trekta shambani. Kesi yaweza kuchukua miaka. Je, shamba litangoja? Hapo ndipo mama anaomba oda ya kuzuia, yaani mambo yasimame yalivyo mpaka korti isikize pande zote. Lakini oda haiombwi hewani. Lazima afungue kesi, aweke na hati ya kiapo ya kueleza yaliyotokea, pamoja na karatasi zake.

Korti huangalia mambo matatu, yaliyowekwa katika kesi ya Giella na Cassman Brown mwaka wa 1973. Je, madai yana msingi? Je, hasara yake ni ile isiyoweza kufidiwa kwa pesa? Na jaji akibaki na shaka, anapima nani ataumia zaidi. Hilo la pili huangusha wengi. Gunia la mahindi lina bei. Boma lenye kaburi la mume, utalipiaje?

Sasa tusikilizane vizuri. Jambo likiwa la haraka, korti yaweza kutoa oda kabla ya kumsikia yule mwingine. Oda hiyo haizidi siku 14. Tena ndani ya siku 3 lazima apelekewe oda yenyewe, ombi na karatasi za kesi, la sivyo inakufa yenyewe. Watu wakiona muhuri hufurahi, wanaficha karatasi chini ya godoro, na trekta linaendelea kulima! Hata oda iliyotolewa baada ya pande zote kusikizwa, kesi ikikaa miezi 12 bila kuamuliwa, huanguka, isipokuwa korti iseme vingine kwa sababu ya kutosha.

Na wewe uliyeletewa oda, hata ukiona imejaa uongo, usiikanyage. Hapo sasa ndipo pingu huingia: anayeivunja anaweza kufungwa hadi miezi 6. Nenda kortini uombe iondolewe au ibadilishwe. Vilevile ukiletewa samansi usiikalie; usipojibu, mwenzako anaweza kupewa hukumu bila wewe kusikizwa.

Asiye na pesa za kufungua kesi anaweza kuomba korti imruhusu kushtaki bila kulipa ada.

Wenye karatasi za korti, tubaki kidogo baada ya chai tuangalie tarehe moja moja.