Mlango wa Ubongo wa Mtoto Mchanga



Mwaka 1885 tabibu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alitia rangi katika damu ya wanyama. Viungo vya mwili vikapata rangi, ubongo ukasalimika. Mwaka 1913 Edwin Goldmann akatia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo, na mara hii ubongo ndio uliopata rangi, viungo vingine visipate. Ikabainika kwamba baina ya damu na ubongo pana kizuizi.

Kizuizi hicho ni kuta za mishipa myembamba ya ubongo wenyewe. Seli zake zimeshikana barabara, na ndani yake mna mfano wa mabawabu, ambao huvikamata vitu visivyotakiwa na kuvirudisha katika damu.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mtoto huzaliwa hana kizuizi hiki, kama nyumba isiyo na mlango. Uchunguzi wa baadaye haukuyasadiki maneno hayo. Seli zile hushikana tangu mtoto angali tumboni. Walio pungufu ni mabawabu, nao huongezeka kidogo kidogo baada ya kuzaliwa. Hali kadhalika maini na figo zake hazijapata nguvu ya kuvunja dawa na kuitoa, basi dawa hukawia katika damu, ikiubishia hodi ubongo mchana na usiku.

Hatari yake ilidhihirika New York. Watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia walikuwa wakipewa dawa za kuwakinga na maradhi: wengine penisilini pamoja na dawa ya salfa iitwayo sulfisoksazoli, wengine oksitetrasaiklini. Mwaka 1956 William Silverman na wenzake walitangaza kwamba waliopewa salfa walikufa zaidi, na aghalabu bongo zao zilikutwa zimeingiwa na manjano. Walakini salfa ile ilikuwa ikiwatibu watu wazima pasipo madhara kama hayo.

Sababu ilielezwa na Gerard Odell mwaka 1959. Mtoto azaliwapo, chembe nyekundu nyingi za damu yake huvunjika, ikatoka taka ya manjano iitwayo bilirubini. Maini machanga hayawahi kuiondoa yote. Basi huchukuliwa na protini ya damu iitwayo albumini, kama mzigo juu ya punda, na maadamu mzigo uko juu ya punda, haupiti mlango wa ubongo. Salfa ilikuja ikapanda punda yule yule, ikauangusha mzigo. Taka iliyoanguka ikapenya ubongoni. Na la ajabu, kipimo cha manjano katika damu kilionekana kupungua, hata mtazamaji angedhani mtoto anapata nafuu! Mtoto anayeokoka katika hali kama hiyo huenda akawa kiziwi, au viungo vyake visimtii.

Jambo hili si la New York peke yake. Kotrimoksazoli, iliyomo katika maduka mengi ya dawa na pengine katika kabati la nyumbani, ina salfa ndani yake. Kuikata nusu na kumpa mtoto wa siku kumi kwa kuwa ilimponya kaka yake ni kosa kubwa. Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Na vidonge vyeupe vya naftalini viwekwavyo sandukuni kufukuza nondo havifai karibu na nguo zake. Katika nchi za malaria wako watoto wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na naftalini huivunja damu yao kwa wingi, manjano yakapanda kwa kasi.

Kwa mtoto mweusi wa ngozi, manjano hutazamwa katika weupe wa macho, viganja na nyayo. Akigeuka manjano siku ya kwanza, au yakifika nyayoni, au akilegea na kukataa ziwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huko atapimwa damu, na ikihitajiwa atalazwa chini ya taa ya buluu, ambayo mwanga wake huigeuza bilirubini ipate kutoka mwilini bila kuyangoja maini.