Nyumba tuliyorudia isiungue kwa sababu ya fili

Maneno ya timu ya makao katika mkutano wa wanachama, Uvira

Wengi mnatujua, juu ndio sisi tulikuwa tunapita kwenu na mabati na misumari. Leo hatukuja na mabati. Tumekuja kuongea juu ya moto wa umeme.

Tuanze na kosa letu. Wakati mlirudi kutoka Tanzania na Burundi, tuliwasaidia kusimamisha nyumba. Tulipima mbao, tulihesabu mabati, tulipiga picha ya mlango umefungwa, tukaandika kwenye ripoti: nyumba imekwisha. Juu ya umeme hatukusema neno. Wiki mbili baadaye fili ilikuwa imepita chini ya yale mabati tuliyotoa, na hatukurudi kuangalia.

Kuna mama mmoja wa Mulongwe, yuko hapa kati yetu, ameturuhusu tuseme habari yake bila jina. Alikaa Nyarugusu miaka mingi. Kule kambini taa yake ilikuwa ya jua, ya kuchaji mchana. Aliporudi, jirani alimpa umeme: fili moja nyembamba kutoka prizi ya jirani, ikapita kwenye mti, ikaingia chini ya mabati. Mwanzo ilikuwa balbu moja tu. Halafu simu za kuchaji. Halafu redio. Halafu makala ikapanda bei, akanunua resho. Jioni moja aliwasha resho, na mtoto akachomeka pasi kwenye ralonji ileile. Moto haukuanzia kwenye resho. Ulianzia juu, pale fili mbili zilisokotwa kwa mkono na kufungwa na kipande cha sashe, karibu na ubao. Watu walitoka wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini nguo, unga, attestation ya kurudi, bulletin za watoto, vyote viliisha kabla jirani hajamaliza kuita watu.

Watu walisema ni court-circuit, basi. Neno hilo linatumika kama vile mtu anasema "ni ajali," na hapo maulizo yanaisha. Sisi tunaomba tuulize zaidi, juu ule moto uko na sababu inayoonekana kwa macho.

Fili ni sawa na bomba la maji. Nyembamba haiwezi kupitisha maji mengi. Tofauti ni kwamba fili haipasuki, inapata moto. Tena mzigo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Tufanye hesabu. Resho ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 220 inavuta karibu ampere 7. Pasi ya wati 1,000 inavuta karibu 5. Jumla 12. Ile fili nyembamba ya taa, ya 0.75, inafaa kwa ampere 6 hivi. Kwa hiyo ilikuwa imebeba mara mbili ya nguvu yake. Na pale fili zimesokotwa vibaya, umeme unapita kwa shida, joto linakusanyika mahali pamoja. Plastiki inayeyuka, ubao unakauka, unakuwa mweusi, siku moja unawaka. Hii kazi inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana watu wanasema, "Mbona siku zote ilikuwa inawaka muzuri?"

Jambo la pili ni disjonkteri. Kazi yake ni kukata umeme kabla fili haijapata moto. Kwa taa, fili ya 1.5 na disjonkteri ya ampere 10. Kwa prizi, fili ya 2.5 na disjonkteri ya 16. Ikikata kila saa, haina maana kwamba imeharibika. Inawaambia mzigo umezidi. Lakini tumeona parseli ambako fundi ameweka ya 32 juu ya fili ya 1.5, au amefunga fizibo na kipande cha waya wa shaba "ili isiwasumbue." Hapo mlinzi amefukuzwa.

Jambo la tatu, umeme wetu unakatika na kurudi saa yoyote. Mama anapika, umeme unaenda, anaacha resho imewashwa, anaenda sokoni ao kulala. Umeme unarudi saa nane za usiku, sufuria imekauka. Tafazali, umeme ukikatika, chomoa resho na pasi palepale. Acha balbu moja tu ikuambie kwamba umerudi.

Na moto ukiwaka? Toeni watu kwanza. Kata umeme kwenye disjonkteri kama unafika bila hatari. Usimwage maji mahali ambapo umeme ungali unapita, tumia mchanga. Usishike fili kwa mkono.

Tunajua mtajibu nini: "Fundi wa kweli anaomba feza, na sisi tumetoka mikono mitupu." Ni kweli. Lakini angalieni kasa yenu. Nyumba ikiungua, kila mwanachama anachanga: godoro, sufuria, shitingi, unga. Mnafanya vizuri sana. Ila feza inatoka wakati majivu yamekwisha kupoa. Disjonkteri moja na mita kumi za fili ya 2.5, mulizeni bei sokoni, halafu mlinganishe na godoro moja.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwa mkutano huu. Kasa ikopeshe mwanachama feza ya fili na disjonkteri, arudishe kidogo kidogo kama mikopo mingine. Kila avenyu ichague watu wawili, wapite nyumba kwa nyumba na fundi anayejulikana: wasome namba ya disjonkteri, waangalie viungo, waguse prizi kwa nje kama iko na joto. Na yule anayempa jirani umeme asikatwe wala kusemwa vibaya, juu alisaidia; apewe fili ya kutosha na disjonkteri ya upande wa jirani.

Sisi kwa upande wetu tutarudi kwenye kila nyumba tuliyoandika "imekwisha." Tutaanza na zile za mbao, juu zinashikana, moja ikiwaka avenyu nzima iko hatarini. Tutaanzia kwa yule mama wa Mulongwe. Amekwisha kusimamisha kuta mpya, na amekataa umeme usiingie mpaka fundi afike.

Sasa tunawaachia neno. Muulize, mtukosoe, halafu mpige kura juu ya kasa.