Nani Huijenga Tabia ya Kampuni?



Wanafunzi wetu wa biashara hufundishwa kwamba utamaduni wa kampuni hutoka juu: mwanzilishi huja na imani zake, walio chini wakazirithi. Hoja hii ilipata nguvu kwa kitabu cha Edgar Schein cha mwaka 1985.  Lakini Schein mwenyewe anakiri kwamba imani ya mwanzilishi haiwi utamaduni mpaka kundi liijaribu kazini na kuiona inafaa. Anayeijaribu ni nani? Ni karani, fundi, dereva. Na mwenye kujaribu ana uwezo wa kukataa, kupunguza na kuongeza. Hapo nadharia yote inapinduka, naye Schein anapita kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma hii ni cha Julian Orr, cha mwaka 1996, kuhusu mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox. Orr aliwahi kuwa fundi kabla ya kuwa mwanaanthropolojia, na hilo linaonekana katika kila ukurasa. Kampuni iliwapa mafundi vitabu vya maelekezo: ukiona hitilafu hii, fanya hivi. Mashine hazikutii vitabu. Mafundi walikutana kwenye chakula wakasimuliana visa vya mashine korofi, na kwa visa hivyo wakatambua hitilafu ambazo mwandishi wa maelekezo hakuziwaza. Fundi aliheshimiwa kwa kisa alichowaletea wenzake. Hakuna mkurugenzi aliyebuni heshima hiyo. Baadaye kampuni ilipounda mfumo wa Eureka wa kukusanya mbinu hizo, jina la fundi liliwekwa kwenye mbinu yake. Wakubwa ndio waliofuata.

Nyumbani Tanzania tunao ushahidi mkali zaidi. Mwongozo wa chama tawala cha TANU wa 1971 uliandikwa juu, lakini wafanyakazi ndio walioishika ibara yake ya 15, iliyokataza dharau ya viongozi, wakawakabili nayo mameneja wenye dharau. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika hadi kukitwaa kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe.

Nami ujanani nilikuwa karani katika ofisi moja ambako mama wa masjala alitukataza kumwambia mteja “njoo kesho” kabla ya kufungua jalada lake. Mameneja walibadilika, desturi ikabaki. Alipostaafu, “njoo kesho” ilianza kusikika, ilhali meneja alikuwa yuleyule.

Najua jibu la wafuasi wa mwanasaikolojia wa kazi Benjamin Schneider: watu ndio hufanya mahali pawe palivyo, sawa, lakini mwajiri ndiye huwachagua watu. Nimelipima jibu hili kwa muda mrefu na nakubali kwamba lina uzito, hasa katika kampuni changa. Hata hivyo, mwajiri hukutana na mwombaji kwenye usaili, kisha humwacha mikononi mwa wenzake. Mimi sikumbuki neno hata moja la meneja aliyeniajiri. Ya mama wa masjala nayafuata hadi leo katika ofisi yangu hapa chuoni.