Ufunguo wa Foklifti Usiachwe Ndani ya Mashine
Hotuba ya afisa wa mafunzo ya ufundi wa kaunti kwa vibarua, madereva na wasimamizi wa maghala, Changamwe

 

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Naomba msemo huo tuuache langoni mwa ghala. Ajali nyingi za foklifti zina kinga, na kinga yenyewe ni mafunzo.

Mambo huanza hivi. Dereva hakufika, lori linasubiri, msimamizi anamwambia kibarua, "Si huwa unamtazama akiendesha? Panda." Kijana anapanda, kwa sababu anaogopa kwamba akikataa, kesho hataitwa kazini. Kuiwasha anajua. Asichokijua ndicho kinachoua.

Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Ukigeuza, mkia wake hutoka nje na unaweza kumbana ukutani aliyesimama kando. Kibao kikisema tani 2, mara nyingi maana yake ni mzigo ambao katikati yake iko milimita 500 kutoka sehemu ya wima ya vyuma vya kunyanyulia. Mzigo ukiwa mrefu zaidi, au ukipandishwa juu sana, uwezo hupungua. Kwa hiyo tembea vyuma vikiwa chini, mlingoti umelazwa nyuma kidogo. Penye mteremko, mzigo uelekee upande wa juu, uwe unapanda au unashuka. Mtu asipite chini ya mzigo, wala asipandishwe juu ya vyuma.

Mashine ikianza kupinduka, usiruke. Wengi hufa kwa kuangukiwa wakiruka. Funga mkanda tangu mwanzo, shika usukani, kaza miguu, uegemee upande usioangukia.

Wasimamizi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo, maelezo na usimamizi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima pawe na kamati ya usalama. Na mfanyakazi aliyeondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea, akiwa na sababu ya kuridhisha, hafai kufutwa kazi kwa ajili hiyo. Kijana aliyekataa kupanda amewaokoa ninyi pia.

Na mtu akiumia, mwajiri aarifiwe mara moja. Madai ya fidia hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Wengi hupoteza haki yao kwa kungoja ahadi za mdomo.

Ombi langu ni moja, tulianze kesho asubuhi. Ufunguo wa foklifti usiachwe ndani ya mashine. Ukae kwa msimamizi, naye ampe tu aliyefunzwa na kupimwa. Huyo asipokuwepo, lori lisubiri.